Kibao cha Bwana Takle

Papa Kasongo alinipigia simu nikiwa nafungua duka langu la vitenge pale Jules Street, hapa Johannesburg, na kabla hajasema neno nilishajua, maana fundi cherehani yule hawezi kuanza mazungumzo bila utani, na asubuhi ile hakutania. "Rehema," akasema, "Mama amelala, haamuke tena." Nikakaa juu ya marobota nikalia, na mteja wa kwanza wa siku ile alinikuta hivyo hivyo. Bi Mwanaidi, ndiye huyo Mama, tulimzika alasiri ya siku hiyo hiyo. Papa Kasongo, Mkristo wa Lubumbashi mwenye sauti ya kuongoza kwaya nzima, alisimama nyuma ya safu za wanaume, kofia mkononi, na zamu yake ilipofika akatia udongo kama wenzake. Watu walipoanza kutawanyika, fundi wa mawe ya makaburi alinifuata akiwa na nakala ya kitambulisho cha marehemu. Aliniuliza kama aandike jina lile lile lililokuwa pale, Mwanaidi Mbwana. Nikamwambia asubiri. Asubiri nini, akauliza, jiwe ni jina tu basi. Nikamwambia asubiri hivyo hivyo. Papa Kasongo akanitazama. Katika mji huu tumebaki sisi wawili tu tunaojua kwamba Bi Mwanaidi hakuwahi kuolewa na mtu yeyote anayeitwa Mbwana, na kama tungenyamaza siku ile, uongo ule ungechongwa kwenye jiwe ukabaki.

Wanaosimulia maisha yao hupenda kuanza na babu zao. Mimi wa kwangu nawaacha Tanga wapumzike. Nitasema habari za mwaka mmoja tu, ule niliokaa mtaa wa Bertrams, miaka minne baada ya nchi hii kupiga kura yake kubwa, nikiwa katika umri wa kudhani najua kila kitu. Nyumba yetu ilikuwa ya zamani, na ilijengwa kwa ajili ya familia moja yenye nafasi. Sisi tuliishi humo kama ndizi kwenye chane. Dari lilikuwa la bati lililochapwa maua, na maua yale yalikatizwa katikati na mbao nyembamba zilizogawa sebule, ua likawa nusu kwa huyu na nusu kwa yule. Papa Kasongo aliweka cherehani yake mbele ya meko ya ukutani, na ndani ya meko, mahali pa kuni, alipanga pasi zake za makaa. Mimi na Bi Mwanaidi, wa Tanga kama mimi, tulikuwa chumba cha mbele, chenye dirisha la vioo vya rangi ambalo kipande kimoja kilikuwa kimezibwa kwa kadibodi. Kila jambo lililosemwa upande wa pili tulilisikia. Nilijua wateja wa Papa Kasongo wananenepa wapi kabla sijawaona nyuso, na yeye naye alijua kwamba nakoroma, akalitangaza hadi kwenye spaza, kile kiduka cha pale kona.

Bi Mwanaidi ndiye aliyelisha nyumba nzima. Alfajiri tulikaanga maandazi, akayauza kwa mafundi na walinzi waliopita kuelekea uwanja wa mpira. Mchana alipika kwa ajili ya wapangaji. Ijumaa ilikuwa pilau, na harufu yake iliwarudisha nyumbani hata waliosema wana safari. Siku nyingine ilikuwa vita vya unga. Papa Kasongo alisema unga wa hapa hautoi bukari ya maana, yaani ugali wa kwao, na kwamba sisi wa pwani ugali wetu ni uji ulioongopewa. Bi Mwanaidi alimjibu kwamba asiyeupenda aende akale pasi zake. Halafu alimwekea ukoko pembeni, kwa sababu alijua anaupenda, na yeye alikula bila kushukuru, kwa sababu alijua kwamba anajua. Nikikumbuka chakula kile sasa, na mimi nina jiko la umeme lenye plati za kutosha ambazo sizitumii, nahisi nilikula vizuri mara moja tu maishani, na ilikuwa mwaka ule.

Nje, ukutani karibu na mlango wa mbele, kulikuwa na kibao cha shaba cha duara kilichopakwa rangi ya buluu. Kilikuwa na jina la mtu kwa herufi kubwa, chini yake miaka miwili yenye kistari katikati, kisha maneno ya Kiingereza ambayo mimi, na Kiingereza changu cha darasa la saba, sikuyaelewa. Jioni ya kila Alhamisi Bi Mwanaidi alifagia pale chini, akaweka chetezo chenye makaa, akatia ubani, akasimama kidogo viganja wazi. Sasa niambie wewe. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa, ubani, na mwanamke wa Kiislamu anaomba dua. Nilifikiri nilichostahili kufikiri, kwamba ukutani mle kuna kaburi. Nilikuwa nalala kichwa kikiwa upande ule ule. Nikageuza godoro usiku huo huo, na tangu hapo kila nilipopita mlangoni niliwatolea salamu wafu kama nilivyofundishwa utotoni, kwa sauti ya chini lakini si chini ya kutosha. Papa Kasongo alinisikia. Akaniuliza namsalimu nani. Nikamwambia namsalimu marehemu aliyezikwa hapa. Alicheka hadi akauma pini.

"Weye, ule mutu ni mupima udongo," akaniambia. "Alikuwa anapima barabara. Bazungu banaweka hiyo kitu juu batu bajue aliishi hapa. Kaburi yake eko mbali kabisa." Kwa wiki nzima alinisindikiza mlangoni akinikumbusha nisisahau kumsalimia mpima udongo. Jina lilikuwa Wilfred Tackley, lakini nyumba nzima ilimwita Bwana Takle. Nilipona aibu nikabaki na swali, nikampelekea Bi Mwanaidi jikoni. Kama si kaburi, na yeye anajua si kaburi, ubani ule ni wa nini?

Alikuwa anapepeta mchele. Alikwenda akashusha pazia, ingawa pazia halikuwahi kuzuia neno lolote katika nyumba ile, akarudi kukaa. Akanieleza kwa sauti ya chini. Mumewe alikufa mwaka mmoja kabla sijafika. Aliitwa Athumani Juma, mtu wa Mwakidila, na mjini hapa hakuna aliyemjua kwa jina hilo. Alikuja kufanya kazi kwa vitambulisho vya rafiki yake, Rashidi Mbwana, aliyekuwa amechoshwa na baridi ya huku akarudi Tanga, na akamwachia mwenzake makaratasi kama mtu anavyomwachia mwenzake koti. Ofisini aliitwa Rashidi, kazini Rashidi, msikitini Rashidi. Bi Mwanaidi alipomfuata aliandikishwa kuwa mke wa Rashidi Mbwana, na kibali chake cha kukaa kikaning'inia kwenye ndoa hiyo. Athumani alipougua alilazwa hospitali kwa jina la Rashidi, akafia humo kwa jina la Rashidi, na kibao cha kaburi lake kikaandikwa Rashidi. Mjane angesema kweli angefukuzwa nchini, na Rashidi wa kweli angeulizwa maswali.

"Mwanangu, nimekaa eda ya mume wa mtu," akaniambia. "Mke wa Rashidi yuko Ngamiani anakaanga samaki, hana habari kwamba ni mjane." Tukacheka, Mungu atusamehe, tukacheka sana, kisha hatukucheka tena. Akasema akienda makaburini anaona haya. Anasimama pale anasoma jina la mtu aliye hai anayekunywa kahawa barazani, na dua inamshinda. Hapa mlangoni angalau jina ni la maiti wa kweli. "Namwombea huyu kwanza, maana ndiye mwenye nyumba, na sioni mtu wake yeyote anayekuja. Halafu namtaja wangu moyoni. Mungu haulizi kitambulisho." Akachukua ungo wake. "Na mimi nikifa wataniandika hivyo hivyo, mke wa Rashidi. Athumani atakuwa kama hakuja mjini hapa kabisa." Nilikuwa msichana, sijazika mtu, na kilichoniuma zaidi siku ile, naona aibu kukisema, ni kwamba pilau ilikuwa inachelewa.

Asubuhi moja ya Jumamosi tulikuwa jikoni na karai la maandazi liko motoni, mtu akapita mbio koridoni akisema wazungu wako getini. Wakati ule neno kama hilo lilikuwa na maana mbili, kukamatwa au kufukuzwa. Papa Kasongo alisimamisha cherehani. Mpangaji mmoja aliruka ukuta wa nyuma akiwa na mswaki mdomoni. Nikachungulia kwenye kioo chekundu cha dirisha. Nje kulikuwa na wazee wa Kizungu wenye kofia za jua na chupa za maji, wamevaa viatu vya kutembea mbali, wakiongozwa na bibi mwembamba mwenye fimbo. Hawakuwa na bunduki wala makaratasi. Yule bibi, ambaye baadaye tulimjua kama Missis Doreen, alisimama mbele ya kibao akasoma maneno yake yote kwa sauti. Kisha akainua fimbo, na wale wazee kwa pamoja, kama darasa la kwanza, wakasema, "Wilfred Tackley." Ndivyo walivyofanya katika kila kibao walichokitembelea mjini. Jina lilisemwa na wote, ndipo wakaondoka.

Siku ile hawakuondoka, kwa sababu Missis Doreen alikuwa ameona chetezo na majivu yake. Akabisha hodi. Nikatoka, maana kwa Kiingereza mimi ndiye niliyekuwa na mdomo hata kama sikuwa na maneno, na Bi Mwanaidi akanifuata mikono ikiwa imejaa unga. Missis Doreen aliuliza ubani ule ni wa nini. Nikamgeukia Bi Mwanaidi nikamwambia.

"Mwambie huyu si ndiye mwenye nyumba? Tunamwombea kila Alhamisi."

Nikafasiri. Missis Doreen alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akasema amekuja kwenye kibao kile miaka mingi, wajukuu wa Tackley wako ng'ambo na hawajawahi kuja kukiona, na haikumpitia kichwani kwamba kuna mtu anamwombea. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama mama huyu ana mtu wake aliyefia hapa Johannesburg. Swali hilo sikulifasiri. Nilijua jibu la kutoa, lilikuwa tayari mdomoni, Rashidi Mbwana, jina la kwenye karatasi. Bi Mwanaidi akanishika mkono, unga ukanibaki kwenye ngozi. Kiingereza alikisikia vizuri kuliko alivyotuonyesha.

"Athumani Juma," akasema. "Wa Mwakidila."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kumwitia mtu chakula. Nilihisi masikio ya wapangaji wote yako mgongoni kwangu. Missis Doreen alilirudia jina, akaomba arekebishwe, akarekebishwa. Kisha akageukia wenzake akainua fimbo yake, na wale wazee wa Kizungu, wamesimama kwenye ngazi za nyumba yetu juani, wakasema wote kwa pamoja, "Athumani Juma." Walilitamka vibaya, kila mmoja kwa namna yake. Bi Mwanaidi aliingia ndani bila kuaga. Nilimkuta jikoni, mafuta yanaungua, amekaa juu ya gunia la unga analia, yeye ambaye sikuwahi kumwona akilia. "Wamemtaja," akaniambia. "Rehema, leo wamemtaja."

Papa Kasongo alikuja na futi yake shingoni. "Mama, Athumani ni nani?" Bi Mwanaidi akamweleza yote, kwa sababu hapakuwa na la kuficha tena, na mimi nikashusha pazia, maana neno kama lile lingeweza kumpatia mtu mbaya nguvu juu yake milele. Papa Kasongo alisikiliza hadi mwisho. Akazima moto chini ya karai. "Miye sikusikia kitu," akasema. "Masikio yangu eko na uzi." Akarudi kwenye cherehani. Lakini kuanzia Alhamisi iliyofuata, moshi wa ubani ulipopanda, sauti yake ilitoka nyuma ya mbao: "Mama, ongeza kidogo. Takle amekula yote, Athumani hajapata." Na Bi Mwanaidi aliongeza.

Mimi niliogopa kwa muda mrefu. Kila gari lililosimama getini niliona limekuja kumchukua. Halikuja lolote. Kilichokuja ni Missis Doreen, peke yake, na biskuti, na Jumamosi moja akanichukua nikatembee nao Kensington. Nilitembea kutwa nzima nyuma ya zile kofia za jua. Tulisimama mbele ya nyumba ya daktari, ya mchora ramani za majengo, ya mwanamke aliyeanzisha shule, nikataja majina nao, na mguu ulipoanza kuniuma nikauliza, waliowafulia watu hawa nguo, vibao vyao viko wapi. Wenzake walitazama chini. Missis Doreen hakutazama chini. Aliniambia kwamba zamani pale Bertrams waliishi watu wa kila rangi, mlango kwa mlango, na wakahamishwa, na hakuna ukuta hata mmoja unaosema hivyo. "Kibao kinataka ukuta," akaniambia, "na ukuta una mwenyewe." Nilimchukia kidogo kwa kulisema kirahisi vile. Leo nadhani hakulisema kirahisi. Alikuwa mzee, na nilikuwa sijajua bado kwamba wazee husema mambo mazito kwa sauti nyepesi ili wayamalize kabla pumzi haijaisha.

Mwisho wa mwaka nyumba iliuzwa na sisi tukatawanyika. Papa Kasongo alikwenda Kensington, mimi Malvern, na Bi Mwanaidi akachukua chumba karibu nami. Makaratasi yake yalikuja kutulia, lakini yalitulia kwa jina la Mbwana. Jina la mumewe hakulitaja tena mbele ya watu. Na mimi, pamoja na domo langu hili linalojulikana Jules Street nzima, sikuwahi kulitaja.

Baada ya mazishi, Papa Kasongo alinipeleka Bertrams kwa gari lake. Nyumba bado ipo. Kibao hakipo. Yamebaki matundu ya skrubu na duara la rangi iliyokoza kuliko ukuta wote. Mama mmoja aliyekuwa anaanika nguo alitwambia wauza vyuma chakavu waliking'oa zamani, yeye hakuwahi kukiona. Papa Kasongo akaweka kidole kwenye tundu moja. "Sasa hata Takle hana jina," akasema. Tulirudi garini tukajadiliana hadi tukakasirikiana. Yeye alitaka jina la Athumani liandikwe. Mimi nilimwogopea Rashidi, ambaye bado yu hai kule Tanga, mzee sana. Nikasema hatuwezi kumtafutia mtu matatizo akiwa na fimbo mkononi. Robot, yaani taa ya barabarani, ilikuwa kijani na sisi tumesimama tunabishana, madereva wanatupigia honi.

Rashidi mwenyewe ndiye aliyetuamulia. Habari zilimfikia Tanga, akapiga simu jioni ile kutoa pole, na baada ya pole, kabla sijamwambia lolote, akauliza, "Jiwe mnaandika nini?"

Nikamwambia bado hatujaandika.

"Mnaniogopea mimi?"

"Ndiyo, baba."

Akacheka hadi kikohozi kikamshika. "Mwanangu, mimi nina kaburi huko miaka yote hii kama mtu mwenye kiwanja asichokitaka. Nikipata mafua tu naona linaniita. Mwandikeni huyo mama kwa mumewe. Mimi nitazikwa huku kwetu, mara ya pili." Kabla ya kukata simu akaongeza, "Athumani alikuwa mtu mzuri. Koti lilimkaa kuliko mimi."

Jiwe liliwekwa Jumamosi. Limeandikwa Mwanaidi binti Hamisi, mke wa Athumani Juma wa Mwakidila, Tanga. Aliyekuwa akiogopa kufukuzwa keshapata pa kukaa, hakuna wa kumtoa. Fundi wa mawe alipomaliza alifuta vumbi, akaniuliza huyo mume amezikwa wapi, maana ametazama kwenye orodha ya makaburi na hakuna Athumani Juma. Nikamwambia yupo. Akaniangalia kama watu wanavyowaangalia wafiwa, akakusanya patasi zake akaondoka.

Nilikuwa nimekuja na chetezo. Papa Kasongo alikiwashia makaa kwa kiberiti chake, akipiga magoti kwa shida, kisha akavua kofia. Hatukupanga, lakini wote wawili tulijua cha kufanya. Tulisimama mbele ya lile jiwe tukasema jina la Bi Mwanaidi kwa sauti, pamoja. Halafu nikabeba chetezo, moshi ukinipanda usoni, tukapita katikati ya makaburi hadi safu za zamani, tukasimama penye kibao kilichoandikwa Rashidi Mbwana, na hapo tukasema, "Athumani Juma."